Uji wa mchele wa usiku mjini Guangzhou: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wafanyabiashara, wanafunzi na wasafiri kutoka Afrika Mashariki wanaofika Guangzhou, kusini mwa China, hukutana mapema na uji wa mchele unaotokota hadi usiku mkubwa, na wengi huuliza mambo yale yale. Majibu yafuatayo yanahusu maduka ya uji na migahawa ya mtaani yenye wateja wengi kati ya saa nne na saa nane usiku. Mengi yake yanafaa pia Hong Kong, ambako mapishi ni ya ukoo mmoja.

## Mambo ya msingi

Uji huu una tofauti gani na uji wa mchele tunaoujua nyumbani?

Kwetu uji wa mchele aghalabu hupikwa kwa maziwa au tui la nazi, hutiwa sukari na hiliki, na hunywewa asubuhi, wakati wa kufuturu au mtu anapougua. Uji wa Guangzhou ni chakula cha chumvi. Hupikwa kwa supu ya mifupa, huliwa kwa kijiko kifupi cha kauri, na ndani yake mna samaki, nyama, mayai au kamba, pamoja na tangawizi iliyokatwa nyuzinyuzi na majani ya kitunguu yaliyonyunyizwa juu dakika ya mwisho. Anayekula bakuli moja na kitoweo kimoja amekula mlo.

Tofauti nyingine iko kwenye punje. Katika mtindo wa Kikantoni, ambao ndio unaotawala Guangzhou na Hong Kong, mchele huchemshwa hadi punje zipasuke na karibu zipotee, ukabaki ujiuji mweupe mzito unaoteleza ulimini na kutiririka kutoka kijikoni bila kukatika. Watu wa Chaozhou, mashariki mwa mkoa huohuo wa Guangdong, hawautaki hivyo: kwao punje ziive lakini zionekane, na maji yake yawe mepesi. Aliyezoea mtindo mmoja akiletewa mwingine hudhani mpishi ameharibu, ilhali mpishi amefuata desturi ya kwao.

Kwa nini watu hula uji usiku wa manane badala ya asubuhi?

Huliwa nyakati zote mbili. Hata hivyo Guangdong ina desturi ya mlo wa ziada baada ya chakula cha jioni na kabla ya kulala, na hali ya hewa imechangia sana kuudumisha, kwa kuwa miezi ya kiangazi mjini humo ni ya fukuto na watu hutoka hewa inapopoa kidogo. Utawakuta waliomaliza zamu, madereva wa teksi, wauzaji wa masoko ya jumla, vijana waliotoka kunywa na familia zilizobeba watoto waliokwisha kulala. Uji unawafaa wote kwa sababu una maji mengi, una moto, na hauwazuii kulala kama ambavyo nyama ya kukaanga ingewazuia.

Kwa mfanyabiashara wa kwetu ipo sababu nyingine, nayo ni saa. Guangzhou imetangulia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa tano, na Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa sita. Saa sita usiku ya huko ni saa moja jioni Kariakoo, wakati ambao mwenye duka anafunga hesabu na ndipo anapokumbuka kupiga simu kuuliza mzigo umefikia wapi. Anayesubiri simu hiyo anahitaji mahali palipo wazi, penye taa na chakula chepesi. Misimu ya maonyesho ya biashara ya Canton Fair, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, meza za namna hiyo hugombaniwa.

Nitalitambuaje duka la uji ikiwa sisomi Kichina?

Tafuta alama 粥. Katikati ina 米, yaani mchele, na kila upande umbo lilelile lililopinda, kwa hiyo hukaririka kwa dakika moja. Ikiandikwa 生滚粥, maana yake duka linachemsha kitoweo kibichi ndani ya uji kwa kila bakuli. Ikiandikwa 砂锅粥, ni uji wa chungu, ambao ni jambo jingine kabisa (tazama swali la uji wa chungu, chini). Maduka mengi ya mtaani huweka jiko mbele, karibu na mlango, na mvuke wake huonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

## Jikoni

Inawezekanaje bakuli lifike mezani kwa dakika chache ilhali uji huchukua saa mbili au zaidi kuiva?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na mtu akilielewa ataelewa karibu kila kitu kingine kuhusu maduka haya. Kazi imegawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni uji wa msingi, usio na kitoweo, unaopikwa katika sufuria kubwa sana kabla wateja hawajaanza kufika. Kikombe kimoja cha mchele huhitaji takriban vikombe 10 hadi 13 vya maji, na maji yote hutiwa mwanzoni, kwa sababu kuongeza maji katikati ya safari huuacha uji umetengana, mzito chini na maji juu.

Sehemu ya pili huanza mteja anapoagiza. Mpishi wa zamu husimama mbele ya safu ya majiko ya gesi, kila moja lina sufuria ndogo yenye mpini mmoja mrefu. Huchota uji wa msingi kwa upawa, huumimina katika sufuria mojawapo, na unapoanza kufoka hutumbukiza kilichoagizwa: maini yaliyokatwa membamba, nyama ya ng'ombe iliyolainishwa kwa wanga kidogo, au vipande vya samaki vilivyochanganywa na tangawizi na mafuta. Hukoroga mara mbili tatu, huinua sufuria kabla uji haujapanda na kumwagikia jikoni, huirudisha, huonja chumvi, kisha humimina. Kazi nzima huchukua dakika mbili hadi tano. Usiku wenye watu wengi utaona sufuria zote zikiwaka kwa pamoja, kila moja imefikia hatua yake, na mpishi akizungusha mkono kutoka mpini mmoja hadi mwingine bila kuchanganya meza ya nani iliagiza nini.

Ni muhimu moto uwe mkali katika hatua hii ya pili. Uji mzito hushika joto kuliko supu, kwa hiyo nyama iliyokatwa vizuri huiva upesi bila kukakamaa, na utamu wake hubaki bakulini.

Ndani ya uji wa msingi mna nini zaidi ya mchele na maji?

Mchele huoshwa, huchujwa, hupakwa mafuta na chumvi kidogo, na kuachwa kwa nusu saa au zaidi. Punje hulegea na hupasuka mapema zikikutana na maji yanayochemka. Wapishi wengi huchanganya chenga makusudi, kwa kuwa zina wanga ulio tayari kutoka. Kisha huongezwa vya kuleta ladha: mifupa ya nguruwe, kombe wakavu, samaki bapa mkavu aliyechomwa kidogo na kufungwa kitambaani ili miiba isisambae, na ngozi kavu ya maziwa ya soya ambayo huyeyuka na kuufanya uji uwe mweupe zaidi.

Si kila duka lina vyote hivi. Kombe wakavu ni ghali, na duka la bei nafuu hutegemea mifupa na kiungo cha unga cha kuongeza ladha. Kwa maoni yangu hilo halina ubaya likifanywa kwa kiasi. Dosari kubwa zaidi ni uji wa msingi uliochemshwa kwa muda mfupi, ambao hakuna kiungo kinachoweza kuuficha.

Je, hutiwa unga ili uwe mzito?

Uji uliopikwa ipasavyo hauhitaji. Punje zikichemshwa kwa muda mrefu, wanga wake hunywa maji, huvimba na kutoka nje, na msukosuko wa maji yanayochemka pamoja na mwiko humaliza kuzivunja. Wapo wapishi wenye haraka wanaosaga wali kwa mashine au kuongeza wanga wa mahindi. Utawagundua kwa kijiko: uji wa namna hiyo hung'aa kama gundi, hauna hata mabaki madogo ya punje, na ukipoa kidogo hushikana kuwa kitu kimoja.

Duka likiwa limejaa, si uji utakuwa umelipuliwa?

Mara nyingi ni kinyume chake. Uji wa msingi hauwezi kuharakishwa saa nne usiku, kwa sababu ulikwisha kupikwa. Kinachobadilika kwa wingi wa watu ni kasi ya vitoweo kuisha. Katika duka lenye foleni, samaki aliyekatwa sasa hivi huliwa sasa hivi, maini hayalali kwenye trei, na sufuria kubwa huisha na kubadilishwa kabla uji haujaanza kushika ladha ya ukoko wa chini. Katika duka tupu vitu hivyo hivyo hukaa. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuvumilia foleni, na kulikwepa duka lenye orodha ya aina hamsini za uji na wateja wawili.

## Kuagiza

Niagize uji gani mara ya kwanza?

Ikiwa unakula nguruwe, anza na uji wa nyama isiyo na mafuta na yai la bata lililohifadhiwa, 皮蛋瘦肉粥. Unapatikana kila mahali, na ukiwa mbaya basi hakuna uji mzuri katika duka hilo. (Rangi ya yai hilo imewashtua wengi, tazama swali lake, chini.)

Unaowakilisha Guangzhou hasa ni uji wa mashua, 艇仔粥, uliopata jina lake kutokana na mashua ndogo zilizokuwa zikiuuza kwenye mifereji ya Liwan, magharibi mwa mji. Huwa na vipande vya samaki, kamba wadogo, ngisi, nyuzi za yai lililokaangwa, karanga na vipande vya mkate wa mafuta, vyote kidogo kidogo, na raha yake ni kwamba kila kijiko huja na kitu tofauti cha kutafuna. Ladha yake ikikuchanganya, chagua samaki peke yake, 鱼片粥, ambao huonyesha ubora wa uji wa msingi waziwazi.

Upo pia uji wa vitu vya ndani, 及第粥, wenye maini, utumbo na vinofu vya nyama ya nguruwe iliyosagwa. Watu wa huko huuhusisha na kufaulu mitihani ya kifalme ya zamani, na masimulizi hayo bado huwafanya wazazi wawaagizie watoto. Apendaye supu ya utumbo ya kwetu atauelewa bila maelezo.

Uji wa chungu ni kitu gani, na kwa nini unachukua muda mrefu?

Ni mtindo wa Kichaozhou ulioenea katika miji yote ya Guangdong na kuwa chakula kikuu cha usiku. Hapa hakuna uji wa msingi unaosubiri: mchele mbichi huanza kuchemshwa katika chungu chako baada ya kuagiza, na kaa waliokatwa, kamba au kuku huingizwa punje zinapokaribia kuiva, pamoja na tangawizi, mboga kavu ya chumvi na pilipili manga nyeupe. Utasubiri nusu saa hivi, zaidi usiku wa Ijumaa na Jumamosi.

Chungu huagizwa kwa idadi ya watu na hugawanywa mezani, kwa hiyo hakimfai mtu aliye peke yake. Bei nayo si ya bakuli. Katika duka la mtaani bakuli la kawaida huwa chini ya yuani 30, lakini chungu cha kaa hupita yuani 100 kwa urahisi, na palipo na kaa hai bei huhesabiwa kwa uzito. Uliza kabla hawajatolewa majini. Chungu kinapofika mezani kikiwa bado kinatokota, tumia upawa kuchota kutoka chini, kwa sababu utamu wa kaa hushuka.

Kitoweo gani huliwa pamoja na uji?

Kinachoongoza ni mkate mrefu wa kukaangwa, 油条, unaouzwa ukiwa umepacha vipande viwili. Hauna sukari kama andazi. Ni mwepesi, una mapovu ndani na ukoko mkavu nje. Ukate vipande, utumbukize kimoja kimoja, na ule kabla hakijalowa chote. Guangzhou na Hong Kong huufunga pia ndani ya shuka laini ya unga wa mchele iliyopikwa kwa mvuke na kumwagiwa sosi ya soya, na huo mchanganyiko wa laini na kavu unastahili kuagizwa hata kama umeshiba.

Jozi nyingine ya kawaida ni tambi za kukaanga kwa sosi ya soya, chipukizi za maharage na majani ya kitunguu, ambazo ni kavu na kwa hiyo huenda vizuri na uji. Migahawa ya Kichaozhou hufanya tofauti: uji wao mweupe hauna ladha kwa makusudi, nawe huchagua vitoweo vidogo vingi mbele ya kaunta, kama vile samaki aliyepikwa na kupozwa, bata bukini wa viungo na mboga za chumvi.

Naweza kuomba sukari?

Unaweza, na utapewa kwa mshangao. Sukari kwenye uji wenye supu ya mifupa haikai vizuri. Maduka mengi yana vitamu vya aina nyingine, kama vile maharage mekundu au kunde ndogo za kijani zilizochemshwa kwa sukari, ambavyo vitakukumbusha uji wa nyumbani zaidi. Kwa uji wa chumvi, ongeza pilipili manga nyeupe kwanza, na sosi ya soya matone tu, kwa kuwa chumvi ilikwisha kutiwa jikoni.

Taratibu za mezani zikoje usiku wenye msongamano?

Usishangae kukalishwa na watu usiowajua. Kushiriki meza ni jambo la kawaida, na hakuna anayetarajia mazungumzo. Maeneo mengi huagizwa kwa kuskani msimbo uliobandikwa mezani, nawe ukishindwa mwonyeshe mhudumu picha au alama za Kichina katika simu yako. Vyombo huja vimefungwa kwa plastiki, au huja pamoja na bakuli kubwa na birika la chai ya moto. Utawaona wenyeji wakisuuza bakuli, kikombe na vijiti kwa chai hiyo na kuimwaga katika bakuli kubwa. Fanya vivyo hivyo, wala usiinywe ile iliyosuuzia.

Katika bili huenda ukakuta malipo madogo ya chai na vyombo kwa kila mtu. Si udanganyifu, ni desturi ya Guangdong. Bakshishi haitolewi.

Nilipeje?

Karibu kila mtu hulipa kwa simu kupitia Alipay au WeChat, na kadi za benki za kigeni zinaweza kuunganishwa na programu hizo. Fanya hivyo kabla ya kutoka hotelini, kwa kuwa uthibitisho wa kitambulisho mbele ya foleni ya watu wenye njaa si jambo la kutamani. Noti za yuani hupokelewa kisheria, ila chenji inaweza kuwa tabu. Beba noti ndogo.

## Dini na afya

Je, uji huu ni halali?

Kwa duka la kawaida, chukulia kwamba si halali. Kosa linalojirudia ni la mtu kuagiza uji wa nyama ya ng'ombe au wa samaki akidhani amejiepusha na nguruwe, ilhali, kama ilivyoelezwa katika swali la uji wa msingi, uji wote wa duka hutoka sufuria moja, na sufuria hiyo mara nyingi ina mifupa ya nguruwe. Mafuta ya nguruwe na divai ya mchele ya kulainishia nyama ni mambo mengine mawili yasiyoonekana kwa macho. Uji wa chungu wa kaa huanza na maji, lakini baadhi ya wapishi huongeza nyama ya nguruwe iliyosagwa au mafuta yake.

Alama ya kutafuta ni 清真, inayowekwa na migahawa ya Waislamu wa China. Migahawa hiyo ipo mingi, ila hupika zaidi tambi na mishikaki ya kondoo kuliko uji. Anayetaka uhakika aulize waumini baada ya sala ya Ijumaa katika msikiti wa Xianxian au wa Huaisheng, yote miwili katika wilaya ya Yuexiu. Watakuelekeza panapopikwa nini kwa wakati huo, jambo ambalo hakuna orodha iliyoandikwa inayoweza kulifanya kwa muda mrefu. Eneo la Xiaobei, katika wilaya hiyohiyo, lina migahawa ya Kiarabu na ya Kiafrika iliyo wazi usiku, lakini uji wa Kikantoni si kazi yake.

Sili nyama kabisa. Nifanyeje?

Uji mweupe, 白粥, ndio salama zaidi, kwa sharti la kuuliza kama umepikwa kwa maji matupu, kwa kuwa maduka mengine huuchota kutoka sufuria ileile ya mifupa. Migahawa ya Kibudha hutoa uji wa uyoga na mboga, ila mingi hufungwa mapema.

Samaki huwekwa mbichi. Je, ni salama?

Akiiva, ndiyo. Samaki anayetumika sana ni wa maji baridi, na Guangdong ni miongoni mwa mikoa ya China iliyoathirika zaidi na minyoo bapa ya ini, ambayo humpata mtu kwa kula samaki wa namna hiyo akiwa mbichi au nusu mbichi. Mwaka 2015 Singapore ilipata mlipuko wa maambukizi ya bakteria aina ya streptokoka uliohusishwa na samaki mbichi wa maji baridi waliokuwa wakiliwa pembeni ya uji, na mamlaka za huko zikapiga marufuku kuuza samaki hao wakiwa wabichi.

Kwa hiyo tofautisha mambo mawili. Samaki aliyechemshwa ndani ya sufuria ndogo jikoni hana tatizo. Samaki mbichi anayeletwa kwenye kisahani ili umtumbukize mwenyewe anahitaji uji unaochemka kwelikweli na vipande vyembamba. Ikiwa bakuli limefika vuguvugu, rudisha vyote jikoni. Mnofu uwe mweupe kila mahali, usibaki na sehemu inayopitisha mwanga.

Yai jeusi limeoza?

Hapana. Ni yai la bata lililowekwa kwa wiki kadhaa au zaidi katika mchanganyiko wenye chokaa au majivu, chumvi na chai. Ukali wa mchanganyiko huo hupenya ganda na kuugeuza ute kuwa jeli ya rangi ya hudhurungi, na kiini kuwa cha kijani kilichoiva kijivu. Harufu yake ya amonia hupungua likichanganywa na uji wa moto. Zamani madini ya risasi yalitumika katika utengenezaji. Ukinunua dukani ya kupikia nyumbani, chagua yaliyoandikwa kuwa hayana risasi, 无铅.

Nina kisukari, au mzio wa chakula. Nijihadhari na nini?

Mchele uliochemshwa hadi kuyeyuka huvunjwa upesi mwilini, kwa hiyo uji huu hupandisha sukari ya damu haraka kuliko wali wa punje nzima. Bakuli dogo lenye samaki au nyama nyingi na mboga pembeni ni afadhali kuliko bakuli kubwa lenye mkate wa mafuta. Mwenye mzio wa karanga aukwepe uji wa mashua. Mwenye mzio wa samaki au wa kombe na jamii zake asitegemee jina la uji kwenye orodha, kwa sababu vilivyo katika uji wa msingi havitajwi.

## Mambo ya pembeni

Kwa nini uji wangu umegeuka kuwa maji kabla sijaumaliza?

Sababu ni mate yako. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na kila kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi bakulini hukipeleka humo. Anayekula polepole huku akiongea na simu huishia na maji yenye punje chini. Waliogawana chungu wachote kwa upawa na kutia katika bakuli zao, na chungu hakitaathirika.

Nimefika saa saba usiku nikaambiwa uji umekwisha, na duka bado limejaa. Ni kweli?

Inaelekea ni kweli. Kupika sufuria nyingine kungemaliza usiku wote, na kuongeza maji kwenye kilichobaki huharibu, kama ilivyoelezwa katika swali la kwanza la jikoni. Duka linalokuambia umekwisha linajiheshimu. Agiza tambi, au nenda palipo na uji wa chungu, ambao haumaliziki kwa namna hiyo.

Naweza kufungasha?

Ndiyo, na omba mkate wa mafuta ufungwe peke yake. Uji huendelea kunywa maji unapopoa, kwa hiyo asubuhi utaukuta umeganda. Upashe kwa maji kidogo ya moto huku ukikoroga hadi uchemke kabisa. Wenye samaki au maini usiulaze, hasa katika chumba cha hoteli kisicho na friji.

Nitaupikaje nikirudi nyumbani?

Osha mchele kikombe kimoja, uchuje, uweke kwenye friza usiku mzima. Barafu hupasua punje, na ukizitia zikiwa zimeganda katika vikombe 10 vya supu inayochemka huvurugika kwa nusu saa hivi badala ya saa mbili. Usitumie basmati, kwa sababu punje zake hazishikani. Mchele wa Kyela au wa Mbeya wenye chenga nyingi, ule ambao wanunuzi wengine huukataa sokoni, ndio unaofaa.

Kwa supu, mifupa ya kuku inatosha, na uduvi uliokaangwa kavu kidogo huziba vizuri nafasi ya kombe wakavu. Kwa kitoweo, tumia changu au samaki mwingine mbichi wa baharini mwenye mnofu mweupe, umkate mwembamba, umchanganye na tangawizi, chumvi na mafuta, na umtumbukize uji unapofoka. Koroga mara mbili, zima moto, pakua.